Mwavuli na Masizi: Maana ya Picha Moja ya Pwani



Ziko picha ambazo mtu akizitazama huuliza mara moja, "Maana yake nini?" Picha za kanisani za zamani ni za namna hiyo. Mchoraji akiweka nanga, watu walijua kwamba ni tumaini; akiweka njiwa au mwana-kondoo, hawakuhitaji mfasiri. Lakini ziko picha nyingine zisizo na nanga wala njiwa, ila watu tu, wameketi, wanasoma gazeti, wanalea watoto. Mbele ya picha hizo twasema, "Haya ni mambo ya kila siku," kisha twapita. Katika ukurasa huu nataka kuonyesha ya kuwa picha ya namna hii ya pili yaweza kuwa na ishara nzito kuliko ile ya kwanza, na ya kuwa ishara zake zatutia katika swali gumu, nalo ni hili: Je, mtu ana hatia kwa ajili ya kicheko ambacho watu wote wa zamani zake walikicheka?

Nimechagua picha moja ya Uingereza, ionyeshayo watu waliokwenda kupumzika ufukoni mwa bahari huko Ramsgate.

Ramsgate ni mji wa bandari katika jimbo la Kent, upande wa kusini-mashariki ya nchi ile. Zamani watu wa London waliufikia kwa meli za moshi au kwa magari ya farasi. Walakini mwaka 1846 reli ilifika huko, na tangu hapo makarani na wenye maduka, pamoja na jamaa zao, waliweza kwenda kupunga hewa ya bahari bila safari ndefu. Mwaka 1851 mchoraji William Powell Frith, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufa mwaka 1909, alikwenda Ramsgate, akauona umati wa watu juu ya mchanga, akapata fikira ya kuuchora. Kazi hiyo ilimchukua miaka, nayo ikaonyeshwa katika Royal Academy ya London mwaka 1854. Baadhi ya wachoraji wenziwe waliidharau, wakisema kwamba mambo ya watu wa hivi hivi hayastahili kazi kubwa namna hiyo. Lakini Malkia Victoria aliipenda. Wafanyabiashara waliokuwa wameinunua kwa gini 1,000, yaani pauni 1,050, wakamwachia Malkia kwa bei ile ile, na mpaka leo imo katika hazina ya picha za wafalme wa Uingereza.

Walakini picha moja katika nyumba ya malkia haionwi na wengi. Iliyoenea ni ile iliyochapwa. Palikuwa na chama kimoja cha London kiitwacho Art Union, ambacho kila mwanachama alilipa gini moja kwa mwaka, akapewa picha ya kuchapwa, tena akawa na nafasi katika bahati nasibu ya kupata kazi ya mchoraji mwenyewe. Charles William Sharpe aliichonga picha ya Frith katika bamba, mstari baada ya mstari, na mwaka 1859 chama kikaitoa kwa watu wake. Hivyo yale waliyoyaona wachache katika rangi, wengi waliyapata kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, wakayatundika ukutani nyumbani mwao. Tukumbuke neno hili, kwa maana picha inayotundikwa ukutani hufundisha kila siku bila kusema neno. Watoto hukua mbele yake.

Basi tuitazame. Kwanza yatupasa kufahamu mahali tunaposimama sisi watazamaji. Mchoraji hakusimama nchi kavu akitazama bahari. Alifanya kinyume: ametuweka sisi ndani ya maji, tukiitazama nchi kavu. Mbele yetu, toka upande huu mpaka upande huu, ni watu na watu, na nyuma yao ni nyumba na genge la mji. Wanawake wamevaa nguo pana zinazofika chini, na kofia zilizofungwa kidevuni, na wengine wameshika miavuli ya jua. Wako wanaosoma. Watoto wanachimba mchanga kwa majembe madogo ya mti. Nyuma wako punda wa kukodishwa, na mtu mwenye sungura aliyefundishwa kupiga tari, na waimbaji waliojipaka uso rangi nyeusi. Hapana hata mmoja anayeogelea. Katikati, mbele kabisa, mtoto mdogo amesimama miguu mitupu pale maji yanapokoma. Mchoraji mwenyewe amejichora, akichungulia nyuma ya watu wengine.

Maana ya kwanza ya picha hii ni njema, wala haifai kuificha. Mchanga wa pwani hauna viti vya wakubwa na viti vya wadogo. Katika nyumba za Uingereza ya siku zile kila cheo cha watu kilikuwa na mlango wake, na katika gari la moshi kila cheo kilikuwa na behewa lake; lakini walipofika ufukoni waliketi chini wote pamoja, mwenye mali karibu na karani, mzee karibu na mtoto wa jirani asiyemjua. Maji yakijaa, wote watasogea; hapana atakayeyaamuru yangoje. Nadhani ndiyo sababu watu waliipenda picha hii, malkia na wenye maduka pia. Kila mmoja alijiona yumo. Wale wachoraji walioidharau hawakutambua ya kuwa kumchora mtu wa kawaida kwa uangalifu ni namna ya kumheshimu.

Lakini tukikaa mbele ya picha hiyo muda mrefu zaidi, twaona vitu viwili vinavyosemezana, navyo ni mwavuli na masizi.

Mwavuli wa jua ulikuwa na kazi gani? Jua la Kent si kali kama letu. Mwanamke wa cheo aliubeba ili uso wake usiguswe na jua ukawa na rangi. Katika nchi ile na zamani zile, uso uliochomwa na jua ulikuwa uso wa mtu afanyaye kazi mashambani, na weupe wa uso ulikuwa tangazo ya kwamba mwenye uso huo hana haja ya kufanya kazi nje. Hivyo mwavuli ulikuwa bendera. Ulisema, "Mimi si wa wale."

Masizi nayo yalikuwa na kazi gani? Wale waimbaji walikuwa Wazungu. Walichukua kizibo cha chupa, wakakichoma motoni, wakajipaka uso kwa majivu yake meusi, wakaimba na kurukaruka wakijifanya watu weusi, nao watu wakacheka, wakawatupia senti. Kwa hiyo juu ya mchanga ule ule mmoja walikuwapo watu waliojificha jua wasije wakawa weusi hata kidogo, na watu waliojifanya weusi kabisa ili wachekwe. Wa kwanza wako mbele ya picha, katika nuru. Wa pili wako nyuma, karibu na punda na sungura wa maonyesho. Na Mwafrika mwenyewe hayumo. Lililopo ni sanamu yake tu, iliyofanywa na wengine bila yeye kuulizwa.

Mambo haya yalitoka wapi? Mchezo wa kujipaka masizi ulikua katika Marekani, nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watumwa wengi sana. Mwaka 1843 kundi la waimbaji wa namna hiyo lilijionyesha mjini New York, na makundi mengine yakafuata. Mwaka 1846 kundi moja lililojiita Ethiopian Serenaders, maana yake waimbaji wa Ethiopia, lilifika London, likapendwa mno. Kisha mchezo ukashuka mpaka barabarani na pwani. Ni jambo la kusikitisha kwamba walijitwalia jina hilo. Katika Matendo ya Mitume yuko mtu wa Ethiopia, naye ni mkuu mwenye kutunza hazina ya malkia wake. Tunamkuta ameketi garini akisoma kitabu, tena akiuliza maana ya anayoyasoma. Jina la msomaji yule lilitwaliwa likapewa mchezo wa kipumbavu.

Na mwaka ule ule wa 1846, ambao reli ilifika Ramsgate na waimbaji wale walifika London, alikuwako Uingereza mtu mweusi wa kweli, Frederick Douglass. Alizaliwa katika utumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka mwaka 1838, akaja ng'ambo mwaka 1845, akahutubu mji kwa mji juu ya uovu wa utumwa mpaka mwaka 1847. Waingereza walimsikiliza kwa makini, na marafiki zake wa huko walitoa fedha za kumkomboa kwa bwana wake. Baadaye, mwaka 1848, aliandika katika gazeti lake maneno makali juu ya waimbaji wenye kujipaka masizi, kwamba wameibia watu weusi rangi ambayo wao wenyewe walinyimwa na maumbile, ili wapate fedha.

Angalieni basi jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo na vyumba vingi. Watu wale hawakuwa wakatili. Bunge lao lilikwisha kutoa sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833. Mwaka 1852 walikinunua kwa wingi mno kitabu cha Harriet Beecher Stowe juu ya mateso ya watumwa wa Marekani, wakalia machozi walipokisoma. Huenda mtu yule yule aliyelia usiku juu ya kitabu, asubuhi alishuka mchangani akacheka mbele ya masizi. Hakuona kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Chozi lilikuwa katika chumba kimoja, kicheko katika chumba kingine, na mlango wa kati umefungwa.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Ni nani aliyeweka ishara hii katika picha? Kwa kadiri nionavyo, Frith hakukusudia kufundisha neno lo lote juu ya watu weusi. Alichora alichokiona. Wako wasemao kwamba, ikiwa mchoraji hakukusudia, basi hapana ishara, nasi twajitungia wenyewe. Lakini neno hili si kweli. Iko ishara iliyowekwa, na iko ishara iliyojileta. Nanga ya mchoraji wa kale ni ishara iliyowekwa. Lakini mtu apitaye juu ya mchanga huacha unyayo, wala hakukusudia kuandika. Hata hivyo ajuaye kusoma nyayo atajua kama mtu yule alichechemea, kama alibeba mzigo, na kama alikimbia. Picha ya mambo ya kila siku ni mchanga wenye nyayo. Watu wa zamani zake hawazioni, kwa sababu ndio wanaokanyaga. Wanaokuja baadaye huzisoma.

Tena mtu atasema, "Watu wote walicheka, basi kosa la wote si kosa la mtu." Ni kweli kwamba ajuaye na kutenda ana hatia kubwa kuliko asiyejua. Mtoto wa Ramsgate aliyepiga makofi mbele ya waimbaji hawezi kuhesabiwa sawa na mtu mzima. Lakini kupungua kwa hatia ya mtendaji hakuponyi jeraha la mtendwa. Mtu akikukanyaga mguu bila kujua, mfupa huvunjika vile vile. Na zaidi ya hayo, kutojua kwenyewe kuna namna mbili. Iko ya mtu ambaye hakuambiwa, na iko ya mtu aliyeambiwa akaona ni taabu kufikiri. Douglass alikuwa amekwisha kusema. Sauti ilikuwapo, tena kwa Kiingereza safi, katika miji yao wenyewe. Wahenga wetu walisema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Mchezo ule haukukoma pale pwani. Katika Uingereza hiyo hiyo televisheni ilionyesha waimbaji wa kujipaka masizi toka mwaka 1958 hata mwaka 1978, na watu wa nyumbani waliketi wakatazama kama walivyoketi wazee wao mchangani. Jambo ambalo kizazi kimoja hukataa kulifikiri hurithiwa na watoto wa kizazi hicho, pamoja na picha za ukutani.

Wa tatu atauliza, "Je, tuichome picha hiyo?" Hapana. Kwanza, ina wema wake, kama nilivyokwisha kusema. Pili, kama Frith angalikuwa mwongo, angaliwafuta wale waimbaji, akatuonyesha pwani safi isiyo na neno la aibu. Kwa kuwa alikuwa mwaminifu kwa macho yake, alituachia ushahidi, hata ushahidi ambao hakujua kwamba anautoa. Naye mwenyewe amesimama kati ya watu hao akichungulia. Hakujiweka juu yao kama hakimu. Picha iliyosafishwa isingaliweza kutufundisha jambo hili. Kinachotakiwa ni kuitazama yote, mbele na nyuma, wala tusikome kwenye miavuli iliyo mizuri.

Sasa nina neno na sisi wenyewe, kwa maana ni rahisi mno kuhukumu pwani ya mbali na watu waliokwisha kufa. Sisi hatuna kizibo kilichochomwa, lakini je, hatuna masizi? Katika mikutano ya furaha, katika michezo ya shule, hata arusini, hutokea mtu mwenye ufundi wa kuiga. Humwiga mtu wa bara asiyejua kutamka Kiswahili cha pwani. Humwiga mtu wa kabila lingine, akisema kwa lafudhi yake. Humwiga kiziwi, na kigugumizi, na mwenye kuchechemea. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu, wala hapana mwenye chuki. Wenye kuigwa mara nyingi hawapo. Na kama wapo, hucheka nao pia, kwa sababu asiyecheka ataonekana mwenye kununa. Hayo ndiyo masizi yetu. Na miavuli pia tunayo, yaani vitu vile tuvibebavyo ili watu wajue kwamba sisi si wa wale: maneno ya kigeni tuyachanganyayo bila haja, ngozi tunayoichubua kwa dawa hata ikaharibika, na aibu ya kumtaja mzazi aliyelima kwa mkono. Hujafa hujaumbika, walisema wazee, nao walijua wasemalo.

Sisemi kwamba kuiga na kucheka ni kubaya. Kicheko ni kipaji, na nyumba isiyo na kicheko ina ugonjwa. Lakini iko njia ya kupima. Jiulize kwanza: Je, mtu huyu ninayemwiga, angekuwa ameketi hapa mbele, ningeiga vivyo hivyo? Kisha jiulize: Naye ana nafasi ya kuniiga mimi? Ndugu wawili hutaniana, na huu anajibu, na huu anajibu. Watani wa kabila na kabila hufanya vivyo hivyo, kwa sheria wanayoijua wote wawili, na utani wao huponya. Lakini pale mmoja anaiga siku zote, na mwingine anaigwa siku zote wala hana pa kujibia, huo si utani tena. Ni ukuta unaojengwa polepole kwa mawe ya kicheko.

Yako mambo mengine mawili katika picha ile ambayo napenda kuyaacha mbele yenu. Nilisema ya kuwa sisi tunaotazama tumewekwa ndani ya bahari. Karibu watu wote wa ufukoni wana shughuli nyingine: gazeti, kitabu, mazungumzo, mchezo. Wamefunga safari kuja baharini, kisha bahari yenyewe wameisahau. Ni mtoto yule mdogo aliye katikati ambaye miguu yake iko majini. Hana mwavuli mkononi, wala hana masizi usoni. Amekutana na kitu kikubwa kuliko yeye, nacho kinamgusa. Mtu mzima naye, akitaka kuitazama vema picha hiyo, au mkutano wo wote wa watu, afanye kama yeye: avue viatu kwanza, akubali kuguswa.

La mwisho ni hili. Picha za mambo ya kila siku zinaendelea kufanywa, nasi tumo ndani yake. Siku hizi kila mwenye simu huchukua picha za arusi na za mikutano yetu, na zitakaa kuliko sisi. Wajukuu wetu watazitazama, watapenda nguo zetu na nyuso zetu. Kisha jicho lao litakwenda nyuma, pembeni, litafute ni nani tuliyemweka pale, na kwa nini watu waliokuwa mbele wanacheka. Hatutakuwapo kuwafasiria wala kujitetea. Kwa hiyo yafaa tuitazame pembe ile leo, tungali tunaweza kumwita aliyeko huko aje aketi mbele pamoja nasi.